UCHAMBUZI: Mabaki ya Skripti za Zamani Yanavyokwamisha Mifumo Iliyoboreshwa

Matangazo ya maboresho ya mifumo ya TEHAMA sasa ni sehemu ya maisha ya kila siku ya mwananchi. Taasisi hutoa taarifa kwa umma kwamba huduma fulani haitapatikana kuanzia saa nne usiku wa Jumamosi hadi saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili, huomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza, na asubuhi mfumo hurejea hewani. Mara nyingi mambo huishia hapo. Zipo nyakati, hata hivyo, ambapo mfumo hurejea ukiwa na sura mpya, ukurasa wa mbele ukafunguka vizuri, mwombaji akaingia kwa nywila yake bila shida, kisha kitufe cha kuwasilisha ombi kikagoma. Anabonyeza mara mbili, mara tatu. Hakuna ujumbe wa kosa wala kinachosogea. Akifika kwenye kaunta anaambiwa kwamba mtandao unasumbua.

Katika matukio mengi ya namna hiyo mtandao hausumbui hata kidogo. Tatizo huwa limejificha katika vipande vya maelekezo vilivyoandikwa miaka iliyopita, vikasahaulika, na vikaendelea kufanya kazi kimya kimya chini ya mfumo ambao sasa haupo tena kama ulivyokuwa. Wataalamu wa TEHAMA huviita skripti.

Skripti ni maelekezo mafupi kwa kompyuta ambayo mtaalamu huyaandika ili kuongeza jambo ambalo programu haikuja nalo. Moja hukagua kama namba ya simu iliyojazwa ina tarakimu kumi. Nyingine hutuma ripoti ya makusanyo kwa mhasibu kila jioni, na nyingine huhamisha majina ya watumishi kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine saa nane usiku wakati ofisi zimefungwa. Nyingi huandikwa kwa mchana mmoja, kwa ombi la mkuu wa kitengo ambaye ana kikao kesho yake. Zinafanya kazi, watu wanashukuru, na hakuna anayeziingiza katika daftari la mali za taasisi kama inavyofanyika kwa viti na kompyuta. Mwandishi wake akihamishwa kituo cha kazi au mkataba wa mzabuni ukiisha, skripti hubaki na anayeijua huondoka.

Programu kuu huwa na mwenyewe. Kuna kampuni au jumuiya ya wataalamu inayoitengeneza, kuirekebisha na kutoa matoleo mapya. Toleo jipya linapotoka, watengenezaji huwa wamehakikisha kwamba sehemu zao zote zinapatana. Skripti iliyoandikwa na mtaalamu wa taasisi fulani hawaijui, hivyo hakuna aliyeijaribu. Usiku wa maboresho programu husonga mbele na skripti hubaki ilipokuwa, ikiendelea kuita milango ambayo imeshazibwa au, mbaya zaidi, milango ambayo sasa inafunguka kwenye chumba kingine.

Tukio linaloeleza hatari hiyo kwa ukamilifu kuliko jingine lolote lilitokea Marekani tarehe 1 Agosti, 2012. Kampuni ya Knight Capital, yenye makao yake Jersey City katika jimbo la New Jersey, ilikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa hisa nchini humo. Asubuhi hiyo Soko la Hisa la New York lilikuwa linaanzisha utaratibu mpya kwa ajili ya wawekezaji wadogo, na Knight ilikuwa imeandaa msimbo mpya ili mfumo wake wa kupeleka oda uweze kushiriki. Ndani ya mfumo huo kulikuwa na kazi ya zamani iliyoitwa Power Peg. Kampuni iliacha kuitumia mwaka 2003. Haikufutwa, ilibaki ndani ya seva kwa miaka tisa bila kumsumbua mtu.

Kosa la kwanza halikufanyika mwaka 2012 bali mwaka 2005. Power Peg ilipokuwa ikitumika, ilikuwa na kihesabu kilichoangalia ni hisa ngapi zimekwishanunuliwa ili oda ikikamilika isimame. Mwaka huo wataalamu walihamisha kihesabu hicho kwenda sehemu nyingine ya mfumo. Hawakuijaribu tena Power Peg baada ya hapo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitumia. Tangu siku hiyo kilicholala ndani ya seva kilikuwa chombo kisicho na breki.

Kosa la pili lilihusu namna ya kuuwasha msimbo mpya. Msimbo mpya ulihitaji alama ya kuuwasha, na waandishi waliamua kutumia tena alama ileile ambayo zamani iliwasha Power Peg. Kusudio lilikuwa kwamba msimbo wa zamani ungeondolewa kwenye seva zote kabla ya siku ya kuanza. Kazi ya kusambaza msimbo mpya ilianza tarehe 27 Julai, 2012. Seva zilikuwa nane. Fundi aliweka msimbo mpya kwenye saba, akaisahau ya nane. Hakukuwa na fundi wa pili wa kukagua kazi yake, wala utaratibu wa maandishi uliotaka ukaguzi huo ufanyike.

Soko lilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za New York. Oda zilizokwenda kwenye seva saba zilishughulikiwa ipasavyo. Zilizoifikia seva ya nane ziliamsha Power Peg, ambayo ilianza kununua na kuuza bila kujua lini isimame. Katika muda wa takriban dakika 45, oda 212 za wateja wadogo zilizaa miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154, jumla ya hisa zaidi ya milioni 397. Hasara ilizidi dola za Marekani milioni 460. Siku chache baadaye kampuni iliokolewa na wawekezaji waliotoa dola milioni 400, na katikati ya mwaka uliofuata ikaungana na kampuni ya Getco na kuacha kusimama kwa jina lake. Oktoba 2013 mamlaka ya usimamizi wa masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, iliitoza faini ya dola milioni 12.

Kwa anayefuatilia huduma za umma, sehemu yenye mafunzo mengi zaidi katika kumbukumbu za shauri hilo ni namna mafundi walivyotafuta chanzo cha tatizo. Kuanzia saa mbili asubuhi, saa moja na nusu kabla ya soko kufunguliwa, mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 kwa watumishi wa kampuni, zikitaja jina la Power Peg na kueleza kwamba kuna hitilafu. Hazikushughulikiwa. Barua za aina hiyo hazikuwa zimepangwa kuwa tahadhari za dharura, na kwa kawaida hakuna aliyezisoma kwa haraka. Kisha, hasara ilipokuwa ikiendelea kuongezeka, mafundi walidhani msimbo mpya ndio wenye kosa. Wakauondoa kwenye zile seva saba zilizokuwa zikifanya kazi sawasawa. Matokeo yake ni kwamba msimbo wa zamani ukaamka kwenye seva hizo pia, na tatizo lililokuwa kwenye seva moja likaenea.

Kurudi nyuma, yaani kurejesha toleo la awali, ndilo jambo la kwanza linalomjia akilini kila msimamizi wa mfumo simu zinapoanza kuita. Wakati mwingine ndiyo njia sahihi. Lakini toleo la awali lilikuwa salama katika mazingira ya awali, na mazingira hayo huenda yamebadilika. Kanzidata ikishapangwa upya kwa ajili ya toleo jipya, programu ya zamani inaweza isiielewe, au ikaisoma vibaya na kuharibu taarifa zilizoingizwa tangu asubuhi. Ndiyo maana nakala ya akiba inayochukuliwa kabla ya maboresho inapaswa kujumuisha faili za programu na kanzidata kwa pamoja, za saa ileile, na ijaribiwe kama inarejesheka. Nakala ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Si kila tukio huleta hasara ya mamilioni. Lililowagusa watu wengi zaidi, ingawa kwa maumivu madogo, lilitokea Agosti 2020. WordPress, programu ambayo wakati huo ilikuwa ikiendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani, zikiwamo za magazeti, vyuo, asasi za kiraia na ofisi za serikali katika nchi mbalimbali, ilitoa toleo la 5.5 tarehe 11 ya mwezi huo. Kwa miaka kadhaa WordPress ilikuwa imebeba kipande kiitwacho jQuery Migrate. Kazi yake ilikuwa ya mkalimani: skripti za zamani zilizozungumza lugha ya matoleo ya nyuma ya maktaba ya jQuery zilisikilizwa kupitia kwake. Katika toleo la 5.5 mkalimani huyo aliondolewa.

Watengenezaji walikuwa wametangaza mapema kwamba jambo hilo linakuja. Hata hivyo, wamiliki wengi wa tovuti hawasomi maelezo ya watengenezaji, na wengine hawakujua kwamba tovuti zao zina skripti za zamani kwa sababu ziliwekwa na fundi aliyelipwa na kuondoka. Menyu ziliacha kufunguka. Picha zilizokuwa zikipokezana ukurasa wa mbele zilisimama. Waandishi wa taarifa waliingia ndani ya mfumo wakakuta vitufe vya kuhariri havisikii. Lawama ziliielekea WordPress, ilhali yenyewe ilikuwa nzima. Wataalamu wake walilazimika kutoa programu-jalizi ya dharura ya kumrudisha mkalimani kwa muda, ambayo pia iliorodhesha ni skripti zipi bado zinaita maneno ya zamani. Orodha hiyo ilikuwa na manufaa kuliko kurudishwa kwenyewe, kwa sababu iliwapa wasimamizi majina ya faili za kushughulikia kabla ya Desemba 2020, ambapo toleo la 5.6 lilileta jQuery mpya kabisa.

Mfano huo unaeleza pia kwa nini kitufe hugoma bila kusema neno. Skripti za ukurasa hufanya kazi ndani ya kivinjari cha mtumiaji, na ikitokea moja ikaita kitu ambacho hakipo, kivinjari huacha kutekeleza sehemu iliyobaki ya skripti hiyo. Ikiwa maelekezo ya kitufe cha kuwasilisha yalikuwa mistari kumi chini ya kosa, hayafikiwi kamwe. Kosa lenyewe laweza kuwa kwenye jambo dogo kama saa ya mapambo. Ujumbe wa kosa huandikwa, lakini mahali ambapo mwananchi haoni: kwenye zana za wasanifu ndani ya kivinjari, ambazo katika kompyuta nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza F12. Hapo mtaalamu hukuta mstari mwekundu wenye jina la faili na namba ya mstari wenye kasoro. Mtu anayetafuta tatizo la ukurasa baada ya maboresho bila kufungua zana hizo ni sawa na fundi wa gari anayesikiliza injini akiwa barabarani ng'ambo ya pili.

Kuna hali nyingine inayowachanganya wananchi na mafundi kwa pamoja, ambapo huduma inamfanyia kazi mtu mmoja na kumgomea jirani yake. Vivinjari hutunza nakala za skripti ili kurasa zifunguke haraka. Baada ya maboresho, kivinjari cha aliyekuwa mtumiaji wa mara kwa mara kinaweza kupokea ukurasa mpya na kuuunganisha na skripti ya zamani aliyoitunza, wakati mgeni aliyefungua leo kwa mara ya kwanza anapokea vyote vipya. Kwenye kompyuta kubonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja huilazimisha mashine kuchukua nakala mpya. Dawa ya kudumu iko upande wa taasisi, kwa kubadilisha jina au namba ya toleo ya kila faili ya skripti kila inapohaririwa. Kumtaka mwananchi asafishe kivinjari chake kila baada ya maboresho ni kumhamishia kazi isiyo yake.

Makosa yanayoonekana yana nafuu moja: yanaonekana. Mwaka 2015 lugha ya PHP, inayotumika katika sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilipofikia toleo la 7.0, iliondoa kundi zima la amri za zamani za kuwasiliana na kanzidata ya MySQL. Skripti zilizotegemea amri hizo zilikufa papo hapo, na kila mtu akajua. Hatari zaidi ni skripti inayoendelea kufanya kazi na kutoa jibu tofauti. Katika lugha ya Python toleo la 2, kompyuta ikiambiwa igawanye 5 kwa 2 ilijibu 2. Katika toleo la 3 inajibu 2.5. Msaada rasmi kwa Python 2 ulikoma tarehe 1 Januari, 2020, na taasisi nyingi duniani zikalazimika kuhamia toleo jipya. Skripti iliyokuwa ikigawanya posho, dozi za dawa au idadi ya vitabu kwa shule ikitegemea kwamba sehemu ya desimali itaachwa, haitatoa ujumbe wowote wa kosa baada ya kuhama. Itatoa namba, na namba hiyo itaonekana ya kawaida. PHP nayo, katika toleo la 8.0 la Novemba 2020, ilibadilisha namna inavyolinganisha namba na maandishi: awali sifuri ilihesabiwa kuwa sawa na neno lisilo na tarakimu, sasa sivyo. Skripti iliyotumia ulinganisho huo kuamua nani ana sifa na nani hana ingeanza kuamua vingine.

Makosa ya aina hii hayagunduliki kwa kuangalia kama mfumo umewaka. Hugunduliwa kwa kuchukua taarifa za mwezi uliopita ambazo majibu yake yanajulikana, kuzipitisha kwenye mfumo mpya, na kulinganisha senti kwa senti.

Katika Afrika Mashariki mfano wenye uzito ni wa takwimu za afya. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni miongoni mwa nchi zinazotumia DHIS2, programu huria inayoendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, kukusanya ripoti za vituo vya kutolea huduma. Programu hiyo inaruhusu kila nchi kubuni fomu zake za kuingizia takwimu, na ndani ya fomu hizo mtaalamu anaweza kuweka skripti, kwa mfano ya kujumlisha safu au kuzuia namba isiyowezekana. Fomu hizo hazikai kwenye faili za programu. Hukaa ndani ya kanzidata. Programu inapowekwa upya, fomu huja nazo vilevile zilivyokuwa, pamoja na skripti zake. Mtaalamu aliyefuta kila kitu na kusimika programu safi anaweza kuamini kwamba hakuna mabaki, kumbe ameyarejesha mwenyewe aliporejesha kanzidata. Jumla ya safu ikiacha kujijumlisha, mtunza takwimu ataona. Kizuizi cha namba isiyowezekana kikiacha kuzuia, hakuna atakayeona, hadi mtu ngazi ya mkoa ajiulize kwa nini zahanati moja imepima wagonjwa wa malaria wengi kuliko wakazi wa kata yake. Hesabu za mahitaji ya vipimo na dawa hutegemea ripoti hizohizo.

Namna ya kutafuta chanzo haina miujiza, ila inadai uvumilivu ambao usiku wa dharura huwa haba. Kwanza ni kuthibitisha wakati: tatizo lilianza lini hasa, kabla au baada ya maboresho? Kumbukumbu za seva zina saa na dakika, na si mara moja imebainika kwamba kitu kilichosingiziwa maboresho kilikuwa kimeharibika wiki iliyotangulia. Kisha ni kuzima nyongeza zote zisizo za programu kuu, kwenye mfumo wa majaribio na si ule unaohudumia watu, na kuangalia kama tatizo linatoweka. Likitoweka, nyongeza huwashwa nusu kwa nusu. Taasisi yenye skripti 16 ikiwasha nane, kisha nne, kisha mbili, itaifikia yenye kasoro kwa majaribio manne, ilhali kuzipitia moja baada ya nyingine kunaweza kuchukua siku nzima. Tatizo likibaki hata baada ya kuzima zote, faili za programu kuu hulinganishwa na nakala halisi ya mtengenezaji. Mara kwa mara hapo ndipo hubainika kwamba mtu fulani, miaka fulani, alihariri moyo wa programu yenyewe badala ya kuandika nyongeza pembeni.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni kazi za ratiba, zile zinazojiendesha usiku. Kwenye seva za Linux ratiba hizo huandikwa chini ya akaunti ya kila mtumiaji. Mkaguzi anayeangalia akaunti ya msimamizi mkuu peke yake hataona zile zilizoandikwa chini ya akaunti ya mtumishi aliyestaafu. Taasisi inapohamia seva mpya na kuiacha ya zamani ikiwaka “kwa tahadhari”, ratiba zilezile zaweza kuendelea kwenye seva zote mbili, na mlipakodi mmoja akapokea ujumbe wa deni mara mbili, au malipo ya kundi yakatumwa mara mbili. Tahadhari ya namna hiyo ina gharama zake.

Upo pia upande wa usalama. Kwa miaka mingi wasanifu wa tovuti waliweka mstari mmoja ulioita skripti kutoka anuani ya polyfill.io, ili vivinjari vya zamani viweze kuonyesha kurasa mpya. Vivinjari viliboreshwa, haja ikaisha, mstari ukabaki. Februari 2024 umiliki wa anuani hiyo ulihamia kwa kampuni nyingine, na mtu aliyeuanzisha mradi huo alitahadharisha hadharani kwamba hakuna tovuti inayouhitaji tena na kwamba uondolewe. Juni mwaka huo watafiti wa usalama walibaini kwamba skripti iliyotoka kwenye anuani hiyo sasa ilikuwa ikiwapeleka baadhi ya watumiaji wa simu kwenye tovuti za kubahatisha. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa bado na mstari huo. Hakuna aliyevunja mlango wa tovuti hizo. Mlango ulikuwa umeachwa wazi na wenyewe.

Kwa Tanzania, jambo hilo lina sura ya kisheria. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao inaipa mamlaka hiyo jukumu la kuratibu na kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma, pamoja na uzingatiaji wa viwango na miongozo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Skripti iliyosahaulika inayotuma majina na namba za simu za waombaji kwenye seva ya mzabuni ambaye mkataba wake umekwisha haipati kinga kwa kuwa imesahaulika.

Mikataba ya ununuzi wa mifumo hutaja leseni, mafunzo na muda wa matengenezo. Inapaswa kutaja pia kwamba kila skripti iliyoandikwa juu ya mfumo itakabidhiwa ikiwa na jina, kazi yake, mahali ilipo na sehemu za programu inazozitegemea. Orodha ya kurasa mbili ingetosha taasisi nyingi. Bila orodha hiyo, kila maboresho huanza kwa kubahatisha, na mtaalamu mpya hulaumiwa kwa maamuzi ya mtu ambaye hajawahi kukutana naye.

Matangazo yenyewe nayo yanaweza kubeba zaidi. Taarifa kwa umma inayotaja saa za kuanza na kumaliza tu humwacha mwananchi asijue kama hitilafu anayoiona Jumatatu ni sehemu ya maboresho au ni tatizo jipya. Taarifa inayosema ni huduma zipi zimeguswa, ni zipi zimejaribiwa baada ya kazi kukamilika, na ni namba ipi ya kutoa taarifa, humgeuza kila mtumiaji kuwa msaidizi wa kitengo cha TEHAMA. Jibu la kaunta kwamba mtandao unasumbua halimsaidii yeyote, kwa kuwa humfanya mwananchi arudi nyumbani bila kuandika chochote, na fundi aliye ghorofa ya juu asipate habari.

Mwananchi anayekutana na hali hiyo baada ya maboresho ana mambo machache ya kuhifadhi kabla hajaondoka kwenye ukurasa: tarehe na saa, jina la kivinjari na kama ni simu au kompyuta, hatua aliyokuwa amefikia, na picha ya kioo ikionyesha ukurasa wote. Kwa malipo, asirudie kulipa kabla ya kuhakiki hali ya namba ya kumbukumbu ya malipo kwa taasisi husika au mtoa huduma za fedha, kwa kuwa kitufe kisichojibu hakina maana kwamba ombi halikufika. Picha hiyo na saa hiyo, vikifika kwenye dawati la msaada siku hiyohiyo, humwezesha fundi kufungua kumbukumbu za seva kwenye dakika husika na kuisoma faili yenye kasoro kwa jina lake.